Gari Lako Nimelirudisha

Marangu, Novemba 1999

Shemeji Eliufoo,

Habari za Dar? Huku mvua zimeanza na ng'ombe amezaa jike.

Lile gari kubwa ulilonipa nimelirudisha kwa mama yako. Nimerudi kwenye Starlet ya marehemu kaka yako. Kila asubuhi nateremka nayo hadi Bomang'ombe kufundisha, na jioni inapanda mlima polepole, lakini inafika.

Uliniambia safari hii ni ndefu mno kwa mjane, heri nihamie mjini, shamba letu la kihamba utanitunzia wewe. Nikakushukuru. Jumapili nimetoka kanisani nikakuta vijana wako wamepanda mpaka mpya wa masale, kati ya mlango wangu na kaburi la Aminieli. Ndipo nikajua lile gari lilikuja kunihamisha.

Masale yako nimeyang'oa yote kwa mikono yangu. Sihami.

Jani moja la isale nimekuwekea, maana unajua huku kwetu mtu haendi kuomba radhi bila hilo. Ukija Krismasi utalikuta ndani ya Starlet, kwenye kiti cha kaka yako.

Mimi, mke wa Aminieli,
Elinipendo