Mazishi Niliyoyakata

Lushoto, Jumapili

Kumbe Mama aliona. Ile filamu niliyompa niliihariri upya kwa ajili yake, nikaondoa mazishi ya mzee mmoja wa humo, maana tangu tulipomzika Baba naogopa kumliza. Deki yake ya zamani haisomi diski za Blu-ray zenye nafasi kubwa, kwa hiyo nilimchomea DVD moja yenye picha safi.

Leo baada ya ibada aliitazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Yule mzee mbona hakuzikwa?"

Nikamwambia nimeyakata mazishi.

"Yarudishe, mwanangu. Nataka kulia na yule mjane wake."

Nikiyarudisha, filamu haitaenea kwenye diski moja kwa ubora ule, na kubadilisha diski peke yake Mama hawezi. Basi nitashusha ubora. Picha itafifia kidogo, lakini mzee atazikwa.