Ukwaju wa Hilda

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Hilda hatafuni tena upande wa kushoto. Mke wangu huyu! Mimba miezi saba, na tangu wa tatu anakula ukwaju kama watu wanavyokula karanga. Nikimwambia meno yataisha, anasema mimi ni dresa, mtibabu wa watu wa shamba la mkonge, si wake. Kisha anacheka — amefumba mdomo. Anaficha jino. Nimeona.

Jumatano, 5 Agosti
Nimetoka Kilosa na kikopo cha karatasi za litmasi, za kupimia asidi. Daktari kanieleza vizuri: asidi hulainisha jino, mate huipoza, ila mate yanataka muda. Mtu akila uchachu kutwa, hayapati nafasi. Na asipige mswaki papo hapo — atalikwangua jino likiwa laini.
Nimemjaribu Hilda. Karatasi ya buluu ulimini — nyekundu! Kasukutua maji ya magadi, yale ya kupikia maharage. Nikaibandika tena — buluu! Kapiga makofi. "Rudia, Lupakisyo!" Karatasi tisa zimekwisha kwa mchezo. Na mimi dresa mzima!

Ijumaa, 7 Agosti
Mama mkwe kafika na lori la Mikumi. Shikamoo, marahaba, kisha kafungua kikapu — ukwaju! Kasema mjamzito hanyimwi anachotamani. Sikubisha. Ningebishaje? Mimba ya kwanza ilipotoka mwaka juzi, yeye ndiye aliyekaa na Hilda siku zote zile.
Hilda mwenyewe kamwonyesha karatasi. Mama kaitazama ile nyekundu. Halafu kanipa mgongo, katoa ulimi kwa siri, kabandika yake! Nikajifanya nafunga viatu.
Wamepatana: ukwaju mara moja kwa siku, pamoja na chakula, kisha magadi. Nimefurahi mno.

Jumapili, 9 Agosti
Tumechelewa. Shavu limevimba, ana homa. Jino limeoza hadi ndani — hapo magadi hayasaidii kitu. Daktari yuko safarini hadi Alhamisi. Hilda hajala. Ananiuliza mimi kama nimekula!

Jumatatu, 10 Agosti, asubuhi
Uvimbe unashuka kuelekea shingoni. Nikingoja Alhamisi naweza kuwapoteza wote wawili. Lazima jino litoke leo.
Watu wa korona, kiwanda cha mkonge, nimewang'oa meno zaidi ya sitini bila wasiwasi. Leo ni Hilda. Nikamwambia Mama nimwite dresa wa shamba la jirani.
"Huyo anampenda kuliko wewe, baba?" kaniuliza.
Hilda, kwa nusu ya mdomo: hataki mwingine.
Sindano ya ganzi nimeshamchoma. Tunasubiri ishike. Koleo zimechemshwa, ziko kwenye sahani. Mama kamshika kichwa, midomo inacheza — anasali. Mtoto anapiga teke, gauni linatikisika. Hilda kasema, "Nishike mkono kwanza, koleo baadaye."
Nimeushika kwa mkono wangu wa kulia. Naandika kwa wa kushoto — mwandiko gani huu!
Namuuliza, mdomo umekufa ganzi? Anatikisa kichwa: bado.
Nimegusa ufizi kwa ncha ya sindano. Hakushtuka hata kidogo. Namuuliza tena. Bado, anasema. Na vidole vyangu hataki kuviachia.