Kidonge cha Maji Juu ya Sahara

Jumapili, 15 Agosti 1999

Tiketi iko chini ya godoro. Mke wangu Mutheu analala juu yake kama askari wa benki. Alhamisi naruka! Mimi, Ndeti, mwalimu wa jiografia wa Mitaboni, miaka hamsini na nne, ambaye mahali pa juu kabisa nimewahi kufika ni paa la kanisa tukipiga mabati.

Binti yetu Mueni ndiye aliyeituma kutoka London. Barua fupi. Bado mwaka mmoja awe nesi, lakini akisikia tena nimelazwa kwa presha kama ile Machi, anaacha masomo anarudi nyumbani. Atarudi kweli. Ukaidi wake aliutoa kwangu.

Kwa hivyo nina kazi moja huko: kuonekana mzima.

Jumanne, 17 Agosti

Hospitali, Machakos mjini. Sista Mbinya amenipa bahasha mbili za khaki. Vidonge vyeupe vya presha. Vidogo vya njano vya kutoa maji mwilini, kimoja kila asubuhi, na nisiruke hata siku moja. Halafu akauliza kama rubani ameshajua kuna mwalimu anakuja kumsahihishia ramani. Foleni nzima ikacheka.

Jioni akaja Onesmus, fundi wa baiskeli. Alishapanda ndege mara moja, Kisumu. Choo cha ndege kinavuta, anasema — mtu mnene akikaa vibaya anatolewa kwa spana. Uongo mtupu. Lakini nilimwuliza mara mbili.

Alhamisi, 19 Agosti — angani!

Nikiri mapema. Asubuhi nilimeza cheupe, cha njano nikaacha. Ndivyo tunavyofanya sote wenye presha tukienda Mombasa kwa basi. Nani atamwomba dereva asimame kila dakika ishirini? Nikaichukulia ndege kama basi lenye mabawa.

Lakini hili si basi. Ardhi iliinama kama sinia, nikaona milima yetu yote kwa mara moja. Nilisahau kupumua. Sijui hata kama nilisali.

Saa saba. Sahara! Miaka ishirini na sita nimeichora kwa chaki ya njano. Samahani, wanafunzi wangu wote — niliichora ndogo. Nilikunywa chai, mchanga. Nikasinzia, nikaamka, mchanga. Hakuna barabara wala moshi. Mungu alifanya hii yote halafu hakuweka mtu wa kuitazama. Machozi yalinitoka, mzee mzima.

Jirani yangu wa kiti, Wacuka, mama muuza nguo wa Kithimani anayekwenda kwa mwanawe, akadhani naogopa. Akaniangalia miguuni.

"Mwalimu, hiyo ni miguu ama ni viazi?"

Imefura. Viatu nilivua zamani, sasa haviingii. Nikamweleza kuhusu kidonge, kuhusu Mueni. Alicheka hadi akashika kiti cha mbele.

"Choo kiko hapo nyuma, hatua kumi! Meza dawa yako, baba."

Nimemeza. Nimekwenda choo mara nne. Kinavuta kweli, lakini kwa adabu.

Miguu bado. Mhudumu ameiona pia. Anasema kiti cha magurudumu kitanisubiri mlangoni. Nikasema hapana, hapana, hapana. Akatabasamu, akaandika.

Alhamisi hiyo hiyo, uwanja wa ndege, London

Nilijaribu kutembea. Hatua sita, kwa soksi. Nikakaa kwenye kiti chao.

Mama wa uwanja anayenisukuma ameenda kuchukua sanduku langu, ameniacha nyuma ya nguzo. Milango hapa inafunguka yenyewe, kila mara nashtuka. Watu elfu, na hakuna anayesukumana.

Namwona Mueni! Mnene kidogo. Koti jekundu. Yeye hajaniona. Nilikuwa nimepanga nisimame, nishike nguzo, nimwite kwa sauti ya darasani.

Wanaume wa umri wangu wanapita mbele yake kwa miguu, na Mueni hata hawaangalii. Anawaacha wapite. Kikija kiti cha magurudumu anainuka kwa vidole, anatazama uso. Si baba yake. Anangoja kingine. Kumbe hakutegemea nije kwa miguu.

Kiti cha tatu sasa kinampita. Mama yule anarudi na sanduku.