Baba Alipoutazama Mlima Pico

Nawoitorong,
Lodwar.
7 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Jerusha,

Ejok, Shangazi? Mguu umepoa, au bado unakusumbua ukipanda ngazi? Natumaini barua hii itakukuta huko Nakuru ukiwa mzima pamoja na wote wa nyumbani. Sisi tu salama. Mvua imenyesha kidogo Loima na mbuzi wamenenepa. Mama bado anawapikia wageni wanaolala hapa Nawoitorong, na ukimwambia apumzike anakuuliza nani atasonga ugali.

Najua umeshasikia kwamba nimepata nafasi Cape Town ya kusomea miamba ya mwezini, na kwamba Baba alikataa. Alikuja kutoka kwenye mifugo yake Namoruputh makusudi kuniambia. "Aliyetoka nyumba hii akaenda mbali hakurudi," alisema. Mama aliinamisha kichwa, maana sote tulijua anamsema ndugu yenu, Baba Mkubwa Erupe, aliyeondoka na ng'ombe kabla sijazaliwa asionekane tena.

Sikubishana naye. Unanijua, mimi jambo nikiwa na hakika nalo huwa nalionyesha. Nilirudi Kakuma kufundisha, na wiki iliyofuata nikaomba darubini ya shule. Majak, mwalimu mwenzangu anayeishi kambi ya wakimbizi, aliifunga kwa blanketi, nami nikaipakata njia nzima mpaka Lodwar kama mtoto mchanga.

Jumatano, jua lilipozama, mwezi ulikuwa umepita nusu kidogo. Niliweka darubini uani, nikailenga kwenye mlima ninaotaka kuusoma. Unaitwa Pico. Baba aliinama, akafumba jicho moja, akatazama hadi nikadhani haoni kitu.

"Naona kitu cheupe kama jino," alisema. "Kando yake kuna weusi."

"Weusi ni kivuli chake, Baba. Pale ndiyo kwanza kunakucha."

Nikamweleza kwamba mlima ule unapita mita elfu mbili, na umesimama peke yake juu ya uwanda wa mawe yaliyowahi kuyeyuka, yakatiririka, kisha yakaganda. Ndiyo maana uwanda una mikunjo mirefu, kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa vibaya. Upande wa kaskazini kuna shimo pana la mviringo lenye sakafu nyeusi, na vishimo vidogo vimetapakaa kila mahali, vimechimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani. Nataka kujua mlima ule ulisalimika vipi wakati mawe ya moto yalipofunika kila kitu kilichouzunguka.

"Kuna mvua huko?" aliuliza.

"Hakuna."

"Upepo?"

"Hakuna, Baba. Hata hewa hakuna."

"Basi mtu akipita, nyayo zake je?"

"Zinabaki. Watu walishatembea mwezini kabla hujaoa. Nyayo zao zipo mpaka leo."

Baba aliondoa jicho kwenye darubini, akaketi kwenye kigoda chake. Ndipo aliponiambia jambo ambalo sidhani umewahi kulisikia. Baba Mkubwa alipoondoka, Baba alimfuata kuelekea mpakani. Aliziona alama za akala zake, vile viatu vya tairi, akazijua kwa sababu mguu wa kushoto alikuwa akiuburuza. Jioni upepo ukavuma. Asubuhi mchanga ulikuwa laini, kana kwamba hajapita mtu tangu dunia iumbwe. Alirudi nyumbani akasema hakuona chochote, kwa sababu Bibi angejua, angemtuma kila kukicha arudi pale kutafuta.

"Nilikuwa nyuma yake kidogo tu," alisema. "Kidogo tu, Nakiru."

Nilikaa chini karibu naye, nikamshika mkono. Baadaye nikamwambia, "Mimi hutanifuata kwa nyayo, Baba. Nitakupigia simu kila Jumapili mpaka uchoke kuipokea."

Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Nenda. Lakini kwanza tumuage ndugu yangu."

Hakuwahi kukubali kwamba Baba Mkubwa amekufa, nawe unajua wazee wamemsihi mara ngapi. Sasa anataka kuchinja dume jeupe kule Namoruputh mwishoni mwa mwezi ujao, kabla sijaondoka. Mchungaji ataomba, wazee nao watasema yao. Anataka uwepo, kwa kuwa mmebaki wawili tu. Ameniagiza nikuandikie, maana alijaribu kukupigia simu, ulipoitika akakata.

Amuria, mdogo wangu, atakungoja stendi ya Lodwar siku yoyote utakayotaja. Wasalimie sana Elijah na Maryanne, mwambie Maryanne ile shuka aliyoiomba, Mama ameshaipata. Mama na Baba wanakusalimu.

Akuj akutangulie njiani, na akulinde wewe na walio chini ya dari lako. Usinijibu kwamba utaona, Shangazi. Nijibu kwamba unakuja.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye daima,
Nakiru