Mawe Niliyoyachambua Kwenye Chakula cha Njiwa Wako

Kwa Kaka yangu mpendwa,
aliyeko kwa binti yake Neema, Dar es Salaam.

Shikamoo.

YAH: TAARIFA YA NJIWA WAKO KUMI NA WANANE, PAMOJA NA OMBI LA UAMUZI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Ninayo heshima kukuandikia kutoka nyumbani kwako, hapa Lizaboni, Songea, nikiwa nimekalia kiti chako cha kamba, ili kukujulisha hali ya ndege ulioniachia na kukuomba neno moja tu. Bahasha sikuibandika. Nimeiacha wazi kwa makusudi, Neema akusomee mbele ya wote waliomo humo ndani, usipate nafasi ya kuikunja na kuitia mfukoni. Nimechagua maandishi kwa kuwa simu imenishinda. Kila nikitaja mguu wako unaouma, wewe unasema, "Mdogo wangu, mtandao mbaya," ilhali redio ya Neema naisikia vizuri kabisa nyuma yako.

Naomba nianze na mwanzo.

Siku ulipoondoka ulisimama mlangoni mwa banda, umeegemea fimbo, soksi ya mguu wa kushoto umeivuta mpaka karibu na goti. Ukanipa maagizo matatu: chakula asubuhi, maji safi, na kuwafungulia kila alasiri waruke. "Chakula nimekwisha changanya, kipo kwenye gunia," ukasema. "Wewe usibuni kitu." Nikajibu kwamba maagizo yamepokelewa. Ukacheka hadi ukakohoa. "Yamepokelewa! Hapa si ofisini, hapa ni kwa njiwa."

Kosa langu la kwanza lilitokana na hofu. Siku ya pili mwewe alipita juu ya paa, nikaona kivuli chake kikivuka ua. Nikajiuliza, akichukuliwa hata mmoja, nitamweleza nini Kaka? Nikawafungia. Walikaa ndani wiki tatu.

Kosa la pili lilitokana na jambo ambalo nimejivunia maisha yangu yote, yaani unadhifu. Nilipofungua gunia nilikuta mahindi yaliyoparazwa, mtama, mbaazi, na mawe. Nakuambia mawe, Kaka: kokoto ndogo za mtoni, vipande vya maganda ya mayai, chembe za mkaa. Nikaamini kwamba Mama Zuhura, yule muuza nafaka aliyetoka Nalasi, amekupunja. Nikachukua ungo wa marehemu shemeji, nikakaa alasiri mbili nachambua jiwe kwa jiwe, hadi chakula cha njiwa wako kikawa safi kuliko mchele wa harusi. Mawe nikayatupa shimoni. Kisha nikamwandikia Mama Zuhura malalamiko rasmi. Sentensi moja naikumbuka mpaka leo: "Ni kwa masikitiko makubwa nimebaini uwepo wa vitu visivyo nafaka ndani ya nafaka." Niliona imekaa vizuri. Nikaipeleka dukani kwake, nikaikabidhi kwa mkono, nikarudi nyumbani kungoja jibu la maandishi, kwa mujibu wa taratibu.

Jibu halikuja. Nikaendelea kungoja, na huku nangoja, ndege walibadilika. Mtama walioula ulitoka kwenye kinyesi kama ulivyoingia. Walijikunyata kwenye vijiti vya kulalia, manyoya wameyafurisha, kisha wakashuka wakaanza kudonoa ukuta wa banda hadi udongo ukafanya mashimo. Hapo nikaogopa kuliko nilivyomwogopa mwewe. Nikafungua mlango.

Walitoka wote. Hawakuzunguka juu ya nyumba kama desturi yao. Walivuka barabara moja kwa moja wakatua kwenye ile nyumba inayojengwa, juu ya lundo la mchanga na chokaa. Jioni ile walirudi kumi na watatu. Kesho yake, kumi. Siku iliyofuata, tisa.

Jirani yetu wa uani, Bibi Akwilina, alikuwa anaanua nguo. Akaangalia banda, akaangalia barabara. "Baba," akasema, "njiwa hawahami nyumba bure. Wao hujua kabla yetu." Halafu akakumbuka nyumba wanayoihama ni ya nani, na kwamba mwenyewe amekwenda kutibiwa mguu, akajiziba mdomo kwa kanga. "Mungu apishe mbali," akasema, akaingia ndani akaziacha nguo nyingine kambani.

Siku hiyohiyo Neema alinipigia. Alisema daktari ameona vidole vimekwisha kufa, anataka kukata chini ya goti, na kwamba kila siku inayopita sumu inapanda. Akasema wewe, uliyeishi kwa kufundisha mbwa wa kuwinda kwale, umekataa. Akanirudia maneno yako kama ulivyoyasema: "Mfundisha mbwa asiye na mguu ni gunia la kuegemezwa ukutani."

Kaka, mimi ni mtu wa hoja. Sikufika mbali shuleni, wewe unajua. Kuandika nilijifunza kwa kunakili barua za watu wengine, na leo nina meza yangu mjini, nje ya ofisi, ambapo wenye mashauri hunijia niwapangie maneno. Nimewaambia wengi kwamba hofu si ushahidi. Lakini wiki ile niliwahesabu njiwa wako kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Kila aliyekosekana nilimwona kama saa moja iliyotolewa kwako. Nilikuwa nasimama uani tangu alasiri, shingo juu, na mbwa wako Subira amekaa pembeni yangu naye anatazama juu, na wala hatukuangaliana.

Mwishowe nilivaa koti nikaenda sokoni kudai jibu. Mama Zuhura alikuwa anapima mbaazi.

"Shikamoo mzee. Barua yako niliipata. Wallahi una mwandiko."

"Jibu lake liko wapi?"

"Nilifungia karanga."

Nikamweleza kwa utulivu habari ya mawe. Akaweka kopo chini. "Hayo mawe kaka yako ndiye aliyekuja nayo kwenye kikapu, nikamchanganyia hapahapa. Kwani njiwa ana meno? Mzee umewang'oa meno ndege wa watu, halafu unaniandikia mimi barua!" Wanawake wa meza za jirani walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nilistahili. Nilirudi kwa miguu, sikutaka bodaboda aone uso wangu.

Njiani nikakumbuka. Tulikuwa vijana, umepasua firigisi ya kwale, ukaniwekea kiganjani vijiwe saba vilivyolainika kama shanga. "Haya ndiyo meno yake," ulisema. "Mnyime haya, umlishe hata pishi nzima, atakufa njaa ameshiba." Nilisikia. Sikuandika, kwa hiyo nikasahau.

Nilikwenda mtoni Luhira mwenyewe, nimekunja suruali, nikachota mchanga wenye kokoto nikauosha na kuuchuja. Maganda ya mayai niliyakausha motoni nikayatwanga pamoja na mkaa. Nikatia chumvi kidogo na udongo wa kichuguu, nikaweka yote kwenye kigae. Wale tisa waliacha mtama wakakimbilia kigae, wakasukumana kama watu wa foleni ya sukari. Baada ya siku chache kinyesi kikawa sawa. Wakaanza kuruka tena duara lao juu ya paa, na wenzao wa kule kwenye mchanga, walipowaona angani, wakaanza kurudi mmojammoja. Leo wako kumi na sita. Wawili hawajaonekana.

Basi sababu imejulikana, na ilikuwa mimi. Nilitarajia hofu itaondoka pamoja na fumbo lake. Haikuondoka. Njiwa hawakuwa wamejua lolote. Aliyejua ni mimi. Siku ile ya soksi niliuona mguu wako, Kaka. Soksi ilikuwa imelowa upande wa vidole, na harufu niliisikia. Sikusema neno. Nilingoja uniarifu wewe mwenyewe, kama ninavyongoja kila kitu.

Kati ya waliorudi yupo Diwani. Unamkumbuka alivyopata jina hilo: anavyochechemea kwa madaha kama anaingia kikaoni. Uzi wa gunia ulimkaba mguu, kidole kikawa cheusi, kisha mguu wote ukakauka kama kijiti. Ulichemsha wembe. Mimi nilimshika ndani ya kofia yako, mikono ikinitetemeka, uso nimeugeuzia ukutani. Nikakuuliza kwa nini usimchinje tu, yaishe. Hukuinua macho. "Mdogo wangu," ulisema, "njiwa harudi nyumbani kwa miguu."

Baada ya mwezi tulimchukua tukaenda naye porini kumfundishia Subira kunusa ndege. Ulimwingiza kichwa chini ya bawa, ukambembeleza taratibu hadi akatulia, ukamlaza kwenye nyasi. Subira alikuja akifuata harufu kwenye upepo, akaganda, mguu mmoja wa mbele ameuinua, pua imenyooka, hagusi wala habweki. Nao walikuwa wawili pale, kila mmoja amepungukiwa mguu mmoja, ukaniambia kwa kunong'ona nisicheke. Ukapiga makofi. Diwani aliinuka. Tulipofika nyumbani alikuwa amekwisha fika, yuko juu ya mlango wa banda, anatungoja sisi wenye miguu yetu yote.

Sidai kwamba mtu ni njiwa. Sijui utafundishaje mbwa kwa mguu mmoja, na sitakudanganya kwamba najua. Ninachojua ni kwamba Subira ananifuata porini lakini hanitii, kwa sababu mluzi wangu unatoka kama kuku aliyekanyagwa. Miguu ninayo. Mluzi unao wewe. Ninapendekeza, kwa heshima zote, kwamba mimi nitembee na wewe upige mluzi kutoka kwenye hiki kiti cha kamba, ambacho nitakibeba mwenyewe hadi ukingoni mwa nyasi, asubuhi baridi na asubuhi ya jua.

Naogopa, Kaka. Naogopa mikono yangu itatetemeka safari hii pia. Naogopa kufungua banda kesho. Naogopa zaidi siku ambayo njiwa wote kumi na wanane watakuwa wamerudi na mimi nitabaki na mlango wazi mkononi, nikiwa sina wa kumpa taarifa.

Neema anasema daktari anataka jibu kabla ya Ijumaa. Hivyo basi, naomba uamuzi wako: wakate, au wasikate. Ombi langu ni wakate. Mwambie Neema anipigie, hata kama mtandao ni mbaya. Jibu la mdomo linatosha. La maandishi sitalingoja.

Wako katika utii,

Mdogo wako.