Visigino vya Ukoo Wetu

Baba,

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza ningeonekana kama najibu mtihani, na kwa Dholuo ningelia.

Tangu uanguke pale mjengoni Nyalenda, watu wamesema mengi. Matangani walinong'ona kuwa umerogwa, maana mtu mwembamba hivyo, anayebeba mawe kutwa, moyo utasimamaje wenyewe? Baadaye Mama akatupeleka kliniki, mimi na mdogo wangu Ouma, na daktari akaniuliza kuhusu mwili wako. Nikamwambia habari ya visigino.

Ulivyokuwa ukivionea fahari! Ile mishipa minene, na uvimbe mgumu juu ya kisigino. Ulisema ni alama ya ukoo, Babu alikuwa nayo, na Waya, dada yako, anayo. Daktari hakucheka. Alisema uvimbe ule ni mafuta ya damu, kolesteroli, yaliyojikusanya hapo miaka na miaka. Kuna jeni inayouzuia mwili kuyaondoa, na mzazi humpa mtoto au asimpe, kama kurusha shilingi. Wembamba hauokoi.

Tukapimwa damu. Ouma hana. Mimi ninayo. Nikuambie kitu ambacho Mama hajui: siku ile sikumfurahia Ouma. Nilitaka tuwe wawili.

Akabaki Waya. Mama alimpigia simu kule Sondu, akakataa katakata kupimwa. Yeye ni mkubwa wako, alisema, na bado anabeba gunia la karanga kichwani. Kama ni ugonjwa wa damu ungeanza naye. Jibu nilikuwa nalo, na ndilo lililonitia aibu. Jeni ni ileile, daktari alinieleza, ila mwili wa mwanamke mara nyingi humkinga miaka mingi, mpaka hedhi ikome. Hapo mafuta hupanda. Ninyi wanaume hamna kinga hiyo, moyo hupigwa mapema.

Sasa mimi, unayenijua, ninayeshindwa hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda choo, nimuulize Waya mambo hayo? Tulienda Sondu Jumamosi. Nikangoja mpaka wanaume watoke nje, tukabaki jikoni wawili tu, tukichambua mboga. Nikaangalia sufuria.

"Waya, zako zimekoma?"

"Kumbe huko shule mnafundishwa kupekua wazee?" Akacheka hadi akafuta macho. Nami nikaendelea, polepole, nikamwambia yote, yako na yangu. Kicheko kikaisha. Akakaa kwenye kigoda.

"Zilikoma mwaka jana," akasema. "Na nikipanda kutoka mtoni kifua kinabana. Sijamwambia mtu, nyathina, mwanangu."

Jumatatu Mama alimpeleka akapimwa. Kolesteroli yake iko juu kuliko yangu. Amepewa dawa na ameambiwa arudi waangalie moyo. Vidonge anameza na uji, analalamika kama mtoto mdogo, lakini anameza.

Wewe hakuna aliyekuuliza, Baba. Hilo ndilo linaloniuma, basi.

Usijilaumu kwa ulichonipa. Pua hii pia ni yako, na hesabu ninazopenda ni zako. Pumzika. Dawa yangu nitaitumia hata siku ambazo sitaki, na watoto wangu, nikijaliwa, nitawapeleka mapema hata kama nitaona haya. Nimeamua kuzeeka, Baba. Nitaupita umri wako, halafu nitaendelea.

Binti yako,
Achieng