Baba Alivyofungua Mitumbwi

Swima, Jumatatu jioni

Kwako Yaya Darius, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu katika jina la Bwana. Natumaini wewe, wifi Merveille na watoto mko wazima, na kwamba nguruwe-pori wa milima ya Kilembwe wamewaachia mihogo kidogo mwaka huu. Sisi huku ni wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, anatugombeza toka asubuhi. Mvua imeanza, na ndagala wanavuliwa kiasi.

Yaya, najua ulisema hutaki tena kusikia habari za Baba. Sikulaumu. Nilikuwepo siku ile uliporudi kutoka kubatizwa ukamwambia hutafunga tena dawa kwenye mtumbwi wa mtu, naye akaitupa randa yako ziwani, akasema hana mtoto mwanaume. Lakini barua hii ni ya Baba toka juu mpaka chini. Nakuomba, mimi mdogo wako, uisome yote kwanza, hasira ije baadaye.

Unakumbuka sifa yake. Kutoka hapa mpaka Baraka, mtumbwi wa fundi Eugène haukuuzwa bila ile dawa aliyofundishwa na babu: mizizi na kitambaa chekundu, vimefungwa pamoja na kupigiliwa ndani, chini ya ubao wa mbele, ili samaki waje na dhoruba iende kwa wengine. Watu walilipia mbao, lakini kilichowaleta ni dawa.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, upepo ulipindua mtumbwi wa Nuhu, ule Baba aliojisifu kwamba ameufungia dawa kali kuliko yote. Mdogo wake Nuhu akafa maji. Tulingoja Nuhu aje kumtukana Baba, hata mimi nilificha panga. Kweli alikuja, macho mekundu kwa msiba, akakaa juu ya gogo, akamwomba Baba kwa heshima zote amtengenezee mtumbwi mwingine wenye dawa kali zaidi.

Baba aliweka nyundo chini, akaingia nyumbani. Alituambia baadaye kwamba afadhali angepigwa ngumi, kwa sababu yeye alijua mle ndani mna nini: mizizi na kitambaa, basi. Mtu ametoka kumzika ndugu yake na bado anamtegemea yeye, naye hana cha kumpa isipokuwa woga.

Jumapili iliyofuata akavaa lile koti lake la harusi, linalombana tumbo, akaingia kanisani katikati ya ibada na kwenda moja kwa moja mbele. Watu walidhani amekuja kugombana. Akamwuliza Mchungaji Roger, mbele ya wote, kama Kristo anapokea hata mtu aliyedanganya wenzake maisha yake yote. Mchungaji akamjibu kwamba anapokea hao hao, ila waje mikono mitupu na wamwamini yeye. Yaya, Baba alipiga magoti! Yule yule aliyekuwa akisema Injili ni kazi ya wavivu alilia mpaka koti likachanika mgongoni.

Alipoinuka akauliza kuhusu vile vitu vilivyomo ndani ya mitumbwi ya watu. Mchungaji akamwambia kuvitoa hakununui msamaha, huo Yesu alikwisha kuulipia msalabani. Lakini mtu aliyesamehewa haachi mtego njiani mwa wenzake.

Basi Baba akaanza kuzunguka pwani na patasi yake. Anamsalimu mwenye mtumbwi, anamwambia kwamba alimdanganya, anaomba msamaha, kisha anaomba ruhusa ya kufungua ubao, kutoa dawa na kuufunga upya bure. Wengine walimfukuza. Mama Samira wa Baraka alimpigia kelele: “Unataka batoto yangu bakufe njaa?” Mzee Waziri, yule tajiri wa maboti anayeswali pale msikitini, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hata kwao mtu hategemei mizizi, akamruhusu afungue na akamwagizia chai.

Ugumu ulikuwa kwetu sisi watu wa kanisa! Shemasi Placide, anayeomba kwa sauti kuliko wote, alimnong'oneza Baba aje kuufungua mtumbwi wake giza likiingia. Baba akamjibu pale pale, mke wake anasikia: “Mi nilifunga muchana, nitatoa muchana.” Nilicheka mpaka tumbo likauma, Mungu anisamehe. Lakini Placide mwenyewe akaja na nyundo yake, na Jumapili alitubu hadharani.

Sitakuficha, wateja wamepungua, na siku nyingi tunakula majani ya sombe bila samaki. Nuhu alipoambiwa ukweli aliondoka kwa hasira, akakaa mbali nasi kwa muda, kisha akarudi. Leo anavua katika mtumbwi mpya wa Baba, ambao mbele yake hamna kitu ila ubao. Zamani nikiulizwa mimi ni mtoto wa nani nilitaja jina la Mama. Sasa naona fahari, na kabla hawajauliza nimekwisha kusema: mi ni mutoto ya Eugène.

Kimebaki kitu kimoja. Baba hajabatizwa. Kanisa likishuka ziwani kubatiza, yeye anabaki kwenye mchanga akishika nguo za wenzake. Mchungaji alimwambia hakuna kinachomzuia. Akajibu kwamba analijua hilo, na kwamba Kristo amekwisha kumpokea, ila kuna mtu ambaye yeye alimfukuza kwa ajili ya Kristo huyo huyo, na anataka kumwomba msamaha kwanza. Nilitaka nikutumie habari ushuke. Akakataa kabisa. Alisema aliyekosa ndiye apande mlima.

Kwa hiyo, Yaya, nikuambie ukweli. Mama Constance wa kanisa letu, aliyekupa barua hii mkononi, hakupanda peke yake. Baba yuko barabarani, pale njia ya kwako inapoanzia. Anasema hana haki ya kuingia katika ua wa mtoto aliyefukuzwa naye, mpaka mtoto mwenyewe amwite. Ukikataa atarudi, na ameapa hatakulaumu. Lakini miguu yake imezoea mchanga wa ziwa, na milima ile ni mirefu.

Mama anakusalimu, anasema umekonda hata kama hajakuona. Tuwekee watoto mkono kichwani. Salamu nyingine tutapeana ukishuka. Sasa weka barua chini, utoke nje, umwite Baba.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Godelieve